Safu ya Nje ya Handaki

Kambi ya Te-Olam,
Gulu.
14 Machi 1998

Mpendwa kaka Olanya,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Kagoya na watoto. Sisi huku tu wazima, ila kifua cha Mama kinambana kila asubuhi. Mvua zimeanza, lakini shambani hatuendi. Walinzi wanaruhusu watu kutoka kambini kwa saa chache tu, na mimi tangu lile bomu la njiani linichukue mguu sina hamu ya kuliona shamba. Binti yangu Aber anasoma darasa la nne, chini ya turubai. Mama anasema nikuulize kama huko Jinja bado unakula samaki kila siku, na kama samaki ndiye anayekuzuia kuandika.

Sasa sikiliza. Serikali imesema kila baraza, toka kijijini hadi wilayani, liwe na madiwani wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, na wachaguliwe na walemavu wenyewe. Tulidhani ni maneno ya redio tu. Jumamosi karani wa kata akatuita kanisani. Ungeliona kundi lile, omera, ndugu yangu, ungecheka kisha ungelia. Ojara alikuja akitambaa, kavaa kandambili mikononi. Mzee Lukwiya, ambaye hasikii, alimnyooshea mkono kila mgombea, hadi mkewe akaukalia ule mkono. Karani alikuwa akihesabu upya na kutukana kwa sauti ya chini.

Kwa wanaume wakamchagua Ojara. Ilipofika zamu ya wanawake, Veronika, yule kipofu wa kwa Okumu, akapaza sauti: "Mchagueni Lanyero! Ana mdomo. Mguu mmoja unamtosha." Watu wakaangua kicheko, mikono ikapanda. Basi dada yako ni diwani.

Nilipomwambia Mama akatema mate pembeni. "Kwa hiyo sasa umekubali kabisa kuwa kilema? Mtu akipata jeraha hungoja lipone, haendi kulitangaza barazani."

Nikamwambia, "Mguu hauponi, Mama. Hauchipui kama muhogo."

Wewe niambie unaonaje. Wewe umekaa na watu wengi.

Dada yako,
Lanyero


Jinja,
20 Mei 1998

Dada Lanyero,

Barua yako imefika majuzi, bahasha imejaa tope kama iliyokuja kwa miguu. Basi lililoibeba lilikwama njiani, wanasema daraja lilikuwa limefungwa kwa sababu ya waasi. Nashukuru mko hai. Kagoya anakusalimu, amejifungua mtoto wa kike, tumempa jina la Mama. Mimi bado niko na mashine zangu kiwandani. Masikio yamezoea kelele hadi nikirudi nyumbani naona kimya kinaniumiza.

Hongera. Lakini mimi ni kaka yako, na nikikusifu tu nitakuwa nimekudanganya. Hapa kiwandani waliwahi kuweka mwanamke mmoja kwenye kamati ya wafanyakazi. Unajua kazi yake ilikuwa nini? Mgeni akija, yeye anampa maua. Siku aliyouliza habari za likizo ya uzazi, walimwambia, "Mama, maua yako yako wapi?" Hivyo viti vyenu ni vya kupigia picha. Watakukalisha mbele, watapiga picha, halafu watazungumza juu ya kichwa chako.

Na jambo jingine, usikasirike. Usikae na hao watu hadi ukasahau kwamba wewe ulizaliwa mzima. Ojara alizaliwa vile. Veronika alizaliwa vile. Wewe ulipata ajali. Si kitu kimoja.

Mwambie Mama nitakuja Krismasi, barabara ikitulia. Nitamletea samaki mkavu ili aache kunisema.

Kaka yako,
Olanya


Te-Olam,
9 Agosti 1998

Kaka Olanya,

Tumepokea habari za mtoto. Mama alipiga kigelegele, jirani wakadhani tumeletewa chakula. Anasema mtoto mwenye jina lake atakuwa mkaidi, mjiandae. Aber alikuwa na malaria, sasa anacheza. Tulipata mboga ya malakwang, tukaipika na odi kidogo, ule ufuta wa kusagwa. Siku ile tulijiona kama tuko nyumbani kabla ya vita.

Uliyosema ya maua nimeyaona. Kwetu si maua, ni sala. Kikao cha kwanza Mwenyekiti Lagara alisimama akasema, "Namwomba diwani wetu wa vilema atufungulie kwa sala." Nikasali. Baada ya hapo kila niliponyoosha mkono hakuniona. Kikao kilipokwisha akasema, "Diwani wetu wa vilema atufungie kwa sala." Kikao cha pili vilevile. Kikao cha tatu nikasimama kusali, nikasema, "Ee Mungu, wewe unaona jinsi malori ya chakula yanavyoshushia magunia uwanjani, na wenye nguvu wanavyokimbilia. Unaona jinsi Ojara alivyokanyagwa mikono. Unaona jinsi Veronika anavyobebewa gunia na kijana wa jirani, likamfikia nusu. Mungu, mwambie Mwenyekiti."

Madiwani walikuwa wamefumba macho. Walifumbua mmoja mmoja. Ojara alicheka hadi akakohoa.

Lagara hakucheka. Alisema, "Mheshimiwa Lanyero, Mungu amesikia, na mimi nimesikia. Mnataka nini?"

Nikasema tunataka kukaa pamoja, karibu na uwanja wa chakula na kisima. Vibanda vya kambi vimebanana hadi kiti cha magurudumu hakipiti, na gongo langu linaangukia vyungu vya watu. Tunataka njia pana, na choo chenye mti wa kushikilia. Walibishana sana. Mwishoni Lagara akasema nafasi ipo, upande wa magharibi, hatua chache kutoka kisimani. Wiki hiyohiyo walianza kutupimia.

Nafasi yenyewe iko nje ya handaki lililochimbwa kuizunguka kambi, omera. Ukivuka daraja la mbao, ndipo safu yetu inapoanzia. Nilimwuliza Lagara, akasema ndani hakuna hata pa kuweka mkeka, na walinzi watapita huko kila siku. Ojara alinivuta pembeni akaniuliza, "Tukikataa, watatupa nyingine?" Tukakubali. Sijawahi kuona watu wakifurahi kama siku ile tuliyohama. Lukwiya alicheza ngoma asiyoisikia.

Mama amekataa kuhama. "Mimi nina miguu yangu miwili, nikakae na vilema nimefanya nini?" Lakini amebaki peke yake kule ndani, na kila saa ya chakula namwona anakuja na bakuli lake. Atahama tu.

Dada yako,
Lanyero


Jinja,
2 Novemba 1998

Dada,

Salamu. Sisi hatujambo. Mtoto anakua.

Nimepata barua yako. Hiyo safu siipendi. Mtu akikupa kiwanja bila kusumbuka, jiulize kwa nini kilikuwa kitupu. Rudini ndani hata kama ni kubanana.

Krismasi sitaweza kuja. Kazi zimekuwa nyingi. Mwambie Mama asinisubiri.

Olanya


Te-Olam,
17 Januari 1999

Kaka Olanya,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba yako yote. Krismasi yetu ilikuwa ya posho na maharage, lakini kwaya iliimba vizuri. Kifua cha Mama kimepata nafuu. Sasa anakaa nami hapa katika safu. Alihama bila kusema neno, asubuhi moja nikamwona anafagia mbele ya mlango wangu. Bado hali chungu kimoja na Veronika. Anasema Veronika anajaza tonge kama anajenga ukuta. Veronika naye anasema, "Mama Olanya, mimi sioni, nitajuaje tonge ni kubwa?" Wanagombana hivyo kutwa nzima, nadhani wanapendana.

Barua yako fupi ile si mwandiko wako. Wako nao ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Huo ni wa mtu aliyesoma kwa masista. Ni wifi? Kwa nini wifi anakuandikia?

Mama amekaa hapa, anasema niandike kama anavyosema: "Olanya, mwanamume akisema kazi zimemzidi hata Krismasi, ama ana mwanamke mwingine, ama anaumwa. Ni lipi?" Nimeandika.

Safu yetu inakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Lori likija tunapata mgao kwanza, mbele ya macho ya watu wote, na hakuna wa kubeba nusu ya mtu. Wazima wameanza kutuonea wivu. Juzi mwanamke mmoja aliniambia, "Na mimi nikijikata kidole mtanipokea?" Nikamwambia kidole hakitoshi, alete mkono.

Kinachonisumbua ni walinzi. Mwanzoni walipita kila siku. Siku hizi hawavuki. Nimelisema hilo barazani mara mbili. Lagara alinijibu mbele ya wote, "Mheshimiwa, waasi wanatafuta watu wa kubebesha mizigo na kuwafanya askari. Watafanya nini na watu wenu? Nyinyi ndio mko salama kuliko sisi." Watu wakacheka. Ojara akasema, "Basi Mwenyekiti uhamie kwetu." Hapo kicheko kikakatika.

Mwezi ujao nitakwenda mjini Gulu kwenye semina ya madiwani wenye ulemavu wa wilaya nzima. Nitalisema huko.

Nijibu swali la Mama.

Lanyero


Jinja,
6 Machi 1999

Lanyero,

Redio imetaja Te-Olam. Imesema waasi walivamia upande wa magharibi na "raia kadhaa" wamekufa. Kadhaa ni nani? Nimemtafuta kila mtu anayetoka kaskazini, hakuna anayejua. Niandikie leo hii ukipata barua. Neno moja tu kwa kila mtu. Wewe, Mama, Aber.

Olanya


Te-Olam,
25 Aprili 1999

Kaka,

Nimepata barua yako. Mimi ni mzima. Aber ni mzima, ila haongei sana.

Ojara amekufa. Lukwiya amekufa pamoja na mkewe. Yule kijana wa kiti cha magurudumu, Komakech, amekufa. Wengine huwafahamu, siwezi kuwaandika wote.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Kampala, watu wakubwa, kutupa pole. Asubuhi yake Lagara alinijia mwenyewe, kashika kofia mkononi. Alisema, "Lanyero, watauliza kwa nini mlikuwa nje ya handaki. Ukweli ni kwamba mliomba wenyewe. Useme hivyo. Ukisema hivyo, hapatakuwa na maneno, na misaada itakuja haraka. Watu wako wanahitaji blanketi."

Nikamwuliza, "Tuliomba nje?"

"Mliomba karibu na kisima."

"Kwani kisima kiko nje ya handaki, Mwenyekiti?"

Akavaa kofia akaenda zake.

Wageni walipofika aliniita nisali. Nilisimama nikataja majina ya waliokufa, polepole, mmoja mmoja, kisha nikasema, "Hawa waliomba kukaa na watu. Walipewa kiwanja ambapo hakuna mzima aliyekubali kujenga." Mgeni mmoja, mama mnene mwenye miwani, aliandika. Wengine walitazama viatu vyao. Chakula kikaletwa.

Sijui kama blanketi zitakuja. Nafasi ya Ojara barazani imekwisha kujazwa. Amewekwa mpwa wa Lagara, anayechechemea siku za kikao tu.

Sina mengine.

Lanyero


Jinja,
13 Juni 1999

Dada Lanyero,

Nimeisomesha barua yako mara nyingi. Nimesema "nimeisomesha" kwa kuwa Kagoya ndiye aliyenisomea, mimi nilikuwa natembea huku na huku. Mara ya kwanza nilidhani ameruka ukurasa. Nikamwambia asome tena. Umewataja Ojara na Lukwiya, umemtaja hata mama mwenye miwani. Mama yetu hukumtaja. Hata kusema "Mama anakusalimu" hukusema.

Najua maana yake. Sitaki kuijua mpaka uiandike.

Na kwa kuwa mimi pia nimekuficha, ngoja nianze mimi, pengine itakurahisishia. Mwandiko huu ni wa Kagoya, ulisema kweli. Mwezi wa kumi uliopita mashine ilinivuta mkono wa kulia. Kitambaa kilijikunja, nikaingiza mkono kukinyoosha kama nilivyofanya maelfu ya siku, na mwenzangu upande wa pili hakuniona akaiwasha. Hospitali walikata juu ya kifundo. Kiwandani walinipa barua ya shukrani na kunitakia maisha mema. Tangu hapo niko nyumbani. Kagoya anauza chapati, na mimi nambeba mtoto kwa mkono uliobaki.

Mama aliuliza ni lipi, mwanamke mwingine au ugonjwa. Niliposikia swali lile nililia, dada. Nilitaka kumjibu nikiwa nimepona, kana kwamba hili nalo litapona.

Navaa shati la mikono mirefu kwenye joto hili lote. Mtu akinisalimia natoa wa kushoto, anaona nimemdharau. Kuna chama cha walemavu hapa mjini, wanakutana nyuma ya ofisi ya manispaa. Kagoya aliniambia niende nikajiandikishe, nikarusha sahani ukutani. (Kagoya anasema niandike kwamba ilikuwa sahani yake ya harusi. Haya, imeandikwa.) Juma lililopita nilikwenda. Nilifika hadi mlangoni. Mtu mmoja mwenye magongo akaniuliza, "Karibu ndugu, una ulemavu gani?" Nikamwambia nimepotea njia, nikarudi.

Nilikuandikia kwamba wewe na wale si kitu kimoja. Sasa najiuliza mimi ni kitu gani.

Mama yuko wapi, Lanyero?

Kaka yako,
Olanya


Te-Olam,
30 Agosti 1999

Kaka yangu Olanya,

Pole. Nimeliandika neno hili nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu najua lilivyo jepesi ukiwa wewe ndiye unayeambiwa. Pole na mkono. Pole na mikono mirefu ya shati. Mimi mwaka wa kwanza nilivaa gauni la kuburura chini, nikajikwaa nalo hadi nikavunja jino. Wifi Kagoya, nakushukuru, na najua wewe ndiye unayesoma. Msomee taratibu haya yanayofuata, na mwambie aketi.

Mama alikufa siku ile ya uvamizi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Gulu kwenye semina. Walikuwa wanatufundisha haki zetu, na tulipewa kuku.

Waasi walikuja mchana, mvua ikinyesha, kila mtu yuko kibandani kwake. Wenye miguu walikimbilia daraja la mbao. Mama alivuka, kaka. Elewa hilo. Mama alikuwa amekwisha kuvuka handaki na Aber mkononi, yuko upande wa ndani. Akamsukumia Aber kwa jirani, akauliza, "Yule kipofu nani kamtoa?" Watu wakatazamana. Mama akasema, "Mnanitazama nini?" akarudi.

Veronika ndiye aliyenisimulia. Alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, hajui upande wa kwenda, maana risasi zilisikika kila mahali. Akahisi mkono unamshika. Mama akamwambia, "Inuka, mwanamke mzito wewe, tonge zote zile leo ndiyo utazilipia." Walikwenda wameshikana hadi ukingoni. Daraja halikuwepo. Mbao zilikuwa zimevutwa upande wa ndani ili waasi wasivuke. Hadi leo hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyezivuta. Mama aliita. Aliwaita kwa majina, alikuwa anawaona pale ng'ambo. Hakuna aliyejibu. Ndipo akamsukuma Veronika ndani ya handaki, ndani ya tope, na yeye akapigwa risasi kabla hajaruka. Aliangukia juu ya Veronika. Walikaa hivyo hadi ikanyamaza. Veronika anasema Mama alisema maneno lakini mvua ilikuwa kubwa, hakuyashika. Nimemwuliza mara nyingi. Hakuyashika.

Tulimzika kulekule katika safu, maana walinzi hawakuturuhusu kwenda mbali.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utauliza ni nani aliyemtoa Mama ndani akamweka nje ya handaki. Wewe ulisema kiwanja kitupu kina sababu yake. Ojara aliniuliza tukikataa watatupa nyingine, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Usiniandikie kwamba si kosa langu. Watu wote wananiambia hivyo na hainisaidii kitu.

Yaliyofuata ni haya. Nilipeleka hoja barazani kwamba tuliobaki turudishwe ndani. Lagara akasema ndani hakuna nafasi. Nikasema ipo, mbele ya ofisi ya kata, pale anapopanda maua yake na kuegesha pikipiki. Mpwa wake akasema ofisi ya serikali haiwezi kuonekana kama soko la ombaomba. Kura zikapigwa, nikapata ya kwangu tu.

Basi tukahama bila kura. Asubuhi ya Jumatatu tulivunja vibanda vyetu, tukabeba tulichoweza. Veronika alijitwika nyasi za paa, Aber akimwongoza. Wazima wachache walitusaidia, wale waliokuwa ukingoni siku ile wakatazama, nadhani hawakuweza kulala tena. Tukajenga juu ya maua. Siku iliyofuata walinzi wakaja kubomoa. Hatukupigana, tungepigana na nini? Tulikaa chini ndani ya vibanda, ikabidi watubebe mmoja mmoja kututoa, na kila waliyembeba alirudi akitambaa wakati wanambeba mwingine. Walibomoa vingi, wakachoka, mvua ikaja, wakaondoka. Siku ya pili hawakurudi.

Usidhani tumeshinda. Vibanda vilivyobaki ni vichache, na vinavuja. Familia nyingine ziliogopa zikarudi nje ya handaki, ziko huko hadi sasa, na hakuna mlinzi anayevuka. Mtoto mmoja alipata homa ya mapafu kwa mvua ile, tulimzika wiki mbili zilizopita. Mama yake hanisalimii.

Na mimi baraza limenisimamisha kwa utovu wa nidhamu. Siruhusiwi kuingia kikaoni hadi mwakani. Wanasema baada ya hapo watawaita walemavu wachague mwingine, na najua watakaoitwa ni akina nani.

Barabara ni mbaya, lakini ukiweza njoo, na wifi akiweza. Kaburi la Mama halina alama ila mawe, na mifugo ya walinzi inapita pale. Uje na shati lolote unalotaka. Kuhusu wewe sasa ni kitu gani, mimi sitakujibu kwa barua. Mtu aliyekuuliza pale mlangoni hakukutukana. Alitaka kujua akusogezee kiti cha namna gani.

Jana kulikuwa na kikao. Nilikwenda nikaketi nje kwenye udongo, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Lagara alipomaliza kufungua, nikaanza kutaja majina, kwa sauti, kama siku ile ya wageni. Mtu akaja akafunga dirisha kwa kishindo. Niliendelea. Lakini wewe unalijua joto la nyumba ya bati dirisha likifungwa, na wao walikuwa wamejazana mle. Walivumilia kidogo, nikasikia viti vinasogezwa na watu wananung'unika. Kisha dirisha likafunguliwa, taratibu, na aliyelifungua hakutazama chini.

Nikaendelea pale nilipokuwa nimefika.

Dada yako,
Lanyero